Mlango Gani Kwanza? Maswali ya Sheria ya Kila Siku kati ya Busia na Malaba

Adungosi ni soko la Teso Kusini, kati ya miji miwili ya mpaka wa Kenya na Uganda, Busia na Malaba. Hapo hukutana kila aina ya ugomvi unaozaliwa na maisha ya mpakani: mihogo iliyochukuliwa kwa mkopo ikalipwa nusu, mkonge wa mpaka wa shamba uliong'olewa usiku, duka lililopigwa kufuli na mwenye jengo, pikipiki iliyouzwa kwa mdomo kisha ikagonga mtu. Ukiwasikiliza wenye magomvi hayo utaona kwamba ni wachache wanaouliza sheria inasema nini. Wengi wanauliza waende wapi: kwa mzee wa mtaa, kwa chifu, kituo cha polisi au kortini.

Swali hilo ni la busara kuliko linavyoonekana. Kesi nyingi za watu wa kawaida hupotea kabla hakimu hajaziona, na sababu ni zile zile: mtu amebisha mlango usiohusika, hana karatasi, au muda umempita. Mambo haya matatu hushikana. Anayezungushwa kwenye milango isiyo yake huku hajaandika chochote ndiye anayeshtuka siku moja akiambiwa dai lake limezeeka.

Wazee na chifu wana nguvu gani?

Wapo wanaodhani kikao cha wazee ni mambo ya kienyeji yasiyotambuliwa na serikali. Sivyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze usuluhishi na njia za jadi za kutatua mizozo, mradi zisikiuke haki za binadamu, zisilete matokeo yanayochukiza haki na maadili, wala zisipingane na sheria zilizoandikwa. Agosti 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera nzima kuhusu mifumo hii mbadala ya haki. Kwa hiyo kuanza kwa mzee wa mtaa, na hasa kwa majirani watakaoendelea kuteka maji kisima kimoja, ni jambo la maana.

Nguvu hiyo ina ukingo. Chifu ni ofisa wa utawala, si hakimu. Anaweza kuwaita watu, kuwasikiliza na kuwasuluhisha. Hawezi kumfunga mtu kwa deni, kumnyang'anya mali akampa mwingine, wala kugawa shamba. Chini ya sheria ya 1990 wazee walikuwa na mabaraza ya kisheria ya kuamua migogoro ya ardhi, lakini mabaraza hayo yalifutwa na sheria ya 2011 iliyounda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayekuonyesha leo uamuzi mpya wa wazee wa kukupa shamba amekuonyesha maafikiano tu, nao wazee hawana uwezo wa kubadilisha hatimiliki.

Kuna makosa ambayo hayapaswi kufika kwenye kikao hata kidogo. Ugomvi mdogo wa kupigana unaweza kupatanishwa, na hata korti yenyewe inaruhusiwa kisheria kuhimiza upatanisho huo. Kunajisi mtoto au kubaka ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusitisha kesi ya namna hiyo umo mikononi mwa mwendesha mashtaka wa serikali. Hakuna idadi ya ng'ombe inayoweza kuimaliza kesi hiyo nyumbani.

Linalowaumiza watu zaidi ni muda. Kikao cha wazee hakisimamishi saa ya sheria. Dai la mkataba au deni hudumu miaka 6. Dai la kuumizwa au kuharibiwa mali, miaka 3. Dai la kazi, miaka 3. Kuchafuliwa jina, miezi 12. Ukiumizwa na gari la serikali au la kaunti, muda wa kushtaki ni miezi 12 pekee. Mtu anaweza kuahirishiwa kikao mara kumi, kila mara kwa heshima na adabu, mpaka muda ukaisha.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo ya muda imeacha upenyo, na upenyo huo unawafaa wazee vizuri. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, au akilipa sehemu yake, miaka 6 huanza kuhesabiwa upya tangu siku hiyo. Kikao kisichoandikwa kinakula muda wa mdai, kilichoandikwa kinamrudishia. Karatasi yenyewe haihitaji Kizungu wala wakili. Ukurasa wa daftari la shule unatosha, ukiwa na tarehe, majina kamili na nambari za vitambulisho, kisha maneno kama haya: "Nakubali kwamba hadi leo nadaiwa Sh48,000, bei ya magunia ya wimbi niliyochukua Machi. Nitalipa Sh8,000 kila tarehe 5 ya mwezi hadi deni liishe." Chini yake mdaiwa anatia sahihi au dole gumba, na mashahidi wawili wanatia zao. Kila mhusika anabaki na nakala. Mdaiwa akikwepa, karatasi hiyo ndiyo kesi.

Je, polisi watanilipisha deni langu?

Hapana. Mtu aliyekopa kwa nia ya kulipa kisha akashindwa ana kesi ya madai, na polisi hawana kazi humo. Mambo hubadilika pale udanganyifu ulipokuwapo tangu mwanzo: mtu amekuuzia ng'ombe asiye wake, au amechukua pesa ya shamba alilojua si lake. Hapo pana jinai ya kujipatia mali kwa ulaghai. Nenda kituoni, eleza yaliyotokea, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio.

Kumweka mdaiwa seli hadi ndugu zake wachange kunaonekana kuwa njia ya mkato, lakini kuna hatari zake. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na aliyewekwa ndani kinyume cha sheria anaweza kugeuka akashtaki. Aliyelipa akiwa kituoni bila stakabadhi naye hana cha kuonyesha atakapodaiwa tena. Ikumbukwe pia kwamba P3, fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, hutolewa bure kwa aliyeumizwa, na kwamba pesa ya dhamana ina risiti yake na hurudishwa.

Mlango halali wa madeni ya kawaida umefunguliwa karibuni. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa na sheria ya 2016 na ikaanza kusikiliza kesi 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi Sh1,000,000: bidhaa na huduma ambazo hazijalipiwa, pesa iliyoshikwa na mtu mwingine, mali iliyoharibiwa, fidia ya majeraha. Sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na hakimu wake hafungwi na kanuni kali za ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp na ule ukurasa wa daftari vyote vinaweza kupokewa. Ng'ombe wa jirani akila mahindi yako, dai linaweza kwenda huko huko. Muhimu ni kumwita afisa wa kilimo akadirie hasara kabla hujapanda upya.

Kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Hukumu ikitoka, mshindi ndiye anayeomba itekelezwe, ama kwa dalali wa mahakama ama kwa malipo ya awamu. Dalali hagusi nguo, vyombo vya kupikia, matandiko wala zana ambazo fundi anategemea kwa riziki. Mdaiwa anaweza kufungwa jela ya madai, lakini korti sharti iridhike kwamba ana uwezo na anakataa kulipa, na anayetaka afungwe ndiye anayegharimia chakula chake humo. Kabla ya kushtaki, basi, jiulize kama mtu huyo ana kitu. Mara nyingi kukubali awamu sita mbele ya wazee kuna faida kuliko hukumu isiyo na wa kumkamata.

Nani amesogeza mpaka?

Ardhi ndiyo kiini cha ugomvi mkubwa wa Teso, na ndipo watu wanapokosea mlango zaidi. Anayedai jirani amesogeza mpaka hukimbilia kwa chifu au hufungua kesi moja kwa moja. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inaikataza mahakama kusikiliza ugomvi wa mpaka kabla ya msajili wa ardhi kuubainisha. Mlango wa kwanza, kwa hiyo, ni ofisi ya ardhi Busia. Msajili hutoa taarifa kwa pande zote, huja na soroveya na ramani, hupima mbele ya majirani, kisha huandika ripoti. Asiyeridhika ndipo huenda kortini. Kung'oa alama ya mpaka makusudi ni jinai, hata kama unaamini iliwekwa mahali pasipo pake.

Swali la pili ni la mnunuzi: nimelipa, nimejenga, muuzaji anakana, shamba ni la nani? Hapa kuna mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni maandishi. Tangu Juni 2003 mkataba wa kuuza ardhi hauwezi kutetewa kortini usipokuwa umeandikwa, ukatiwa sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ikashuhudiwa. Mtego wa pili ni bodi ya ardhi. Mauzo ya shamba la kilimo yanahitaji kibali cha bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali mauzo ni batili, na sheria humwachia mnunuzi haki ya kudai pesa yake kama deni. Mahakama ya Rufaa yenyewe imewahi kuvutana juu ya jambo hili. Mwaka 2014 majaji wake walimlinda mnunuzi aliyekwisha kulipa na kukaa, wakisema muuzaji hawezi kujificha nyuma ya kibali ambacho yeye mwenyewe hakukitafuta; mwaka huo huo majaji wengine wa mahakama hiyo walisema batili ni batili. Mwaka 2018 mahakama hiyo iliegemea upande wa mnunuzi tena. Anayenunua bila kwenda bodi ananunua kesi ambayo huenda akaishinda, baada ya miaka mingi.

Mtego wa tatu ndio mbaya zaidi, na ndio ulioenea: hatimiliki ingali katika jina la marehemu. Mjukuu anauza ekari moja ya "urithi wake" ilhali babu alifariki zamani na familia haijafungua kesi ya urithi. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, inasema mali ya marehemu haiguswi na asiye na idhini ya mahakama, na kufanya hivyo ni kosa. Hata msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha mgao. Kwa hiyo mnunuzi makini huenda kutafuta jina kwenye rejesta ya ardhi kwanza. Akikuta la marehemu, anasubiri familia imalize urithi, hata kama muuzaji anamhimiza kwa sababu ana karo ya kulipa. Urithi huanza na barua ya chifu inayoorodhesha warithi wote. Wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Sheria hiyo haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, na msamaha wa mila kuhusu ardhi ya kilimo ulitolewa kwa wilaya za wafugaji kama Turkana na Marsabit, wala si huku kwetu.

Na miaka 12? Ni kweli kwamba aliyekaa kwenye shamba la mwingine miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini, anaweza kuomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi imtangaze mwenye shamba. Neno zito hapo ni "bila idhini". Shemeji aliyeambiwa "kaa hapa ulime" anakaa kwa ruhusa, na miaka ya ruhusa haihesabiki. Kwa sababu hiyo mwenye shamba mwenye busara humpa mgeni wake barua fupi, naye mgeni asiione barua hiyo kuwa matusi.

Mwenye jengo anaweza kunifungia duka?

Wenye maduka, mikahawa na hoteli wana kinga ambayo wengi hawaijui. Upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, kwa kawaida unalindwa na sheria. Mwenye jengo anayetaka kukutoa au kuongeza kodi lazima akupe notisi ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, ya miezi isiyopungua 2. Mpangaji asiyekubali hupeleka pingamizi kwa jopo la kodi za majengo ya biashara, linalojulikana kwa herufi BPRT, kabla notisi haijaisha. Kufuli la usiku si notisi. Mpangaji naye asijidanganye: kinga hiyo haimsamehi kodi, na anayechelewesha kodi kwa mazoea anampa mwenye jengo sababu halali ya kumtoa.

Wafanyakazi wa maduka, mikahawa na hoteli hizo nao wana haki. Anayelipwa kwa mwezi hafukuzwi bila notisi ya maandishi ya siku 28 au mshahara wa badala yake, na akituhumiwa kosa lazima asikilizwe kwanza akiwa na mwenzake wa kumshuhudia. Kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo huacha kuwa kibarua machoni pa sheria. Mlango wa kwanza ni afisa wa kazi.

Pikipiki niliyouza imegonga mtu, ninahusikaje?

Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyeandikwa kwenye usajili kuwa mwenye chombo, mpaka athibitishe vinginevyo. Kijana anauza pikipiki, anapokea pesa, anakabidhi ufunguo na logibuku, lakini jina halibadilishwi. Miezi michache baadaye mnunuzi anagonga mtu, na anayeshtakiwa ni muuzaji. Mkataba wa mauzo wenye tarehe, saa na sahihi unaweza kumwokoa, lakini kinga ya kweli ni kubadilisha umiliki kwa NTSA, mamlaka inayosajili vyombo vya moto, siku ile ile ya mauzo. Aliyegongwa naye akusanye mapema: abstrakti ya polisi, rekodi za matibabu, P3, na nambari ya bima. Gari la Uganda likiwa limebeba kadi ya njano ya COMESA, kadi hiyo inagharimia madhara kwa mtu wa tatu upande huu wa mpaka. Ipige picha kabla gari halijaondoka.

Mahari, ndoa na watoto

Maswali ya nyumbani huulizwa kwa sauti ya chini, lakini majibu yake yako wazi kuliko ya ardhi. Wazazi wote wawili wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 haikuacha shaka. Baba anayekwepa huitwa na afisa wa watoto, na akikaidi, Mahakama ya Watoto humwamuru alipe. Kuhusu mali ya ndoa, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja; kila mmoja hupata kulingana na mchango wake. Kupika, kulea na kulima shamba ni mchango unaohesabika, kwa hiyo mwanamke asiye na risiti bado ana hoja.

Ng'ombe wa mahari wakidaiwa warudishwe ndoa ikivunjika, somo lililo karibu limetoka ng'ambo ya pili. Shirika la MIFUMI, lenye makao Tororo, lilifikisha kesi hadi Mahakama ya Juu ya Uganda, na Agosti 2015 mahakama hiyo ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Uamuzi huo haulazimishi korti za Kenya, ila Katiba yetu nayo inawapa mume na mke haki sawa wakati ndoa inapovunjika.

Mdaiwa akivuka mpaka

Ng'ambo kwa Mteso ni kwa ndugu tu. Mpaka huu ulitokana na uamuzi wa Waingereza wa 1902 wa kuhamishia upande wa Kenya ya leo jimbo la mashariki la Uganda, na haukuwauliza waliokuwa wakiishi pande zote mbili. Siku hizi, kupitia kituo cha pamoja cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, mfanyabiashara anahudumiwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Madeni nayo yanavuka kwa urahisi huo huo, lakini hukumu husafiri polepole. Kenya inaitambua Uganda miongoni mwa nchi ambazo hukumu zake zinaweza kusajiliwa huku, na kazi hiyo inahitaji wakili na Mahakama Kuu. Kwa deni la magunia kumi, njia hiyo ni ghali kuliko deni.

Njia rahisi ni kumfuata mdaiwa kwao. Uganda ina utaratibu wake wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za 2011, kwa madeni yasiyozidi milioni 10 za Uganda. Mkenya mwenye karatasi iliyotiwa sahihi anaweza kudai huko. Kwa hiyo mkataba wa kuvuka mpaka uandike mambo mawili ambayo wa hapa nyumbani huachwa: deni ni la shilingi ya nchi gani, na mdaiwa anaishi kijiji gani chini ya mwenyekiti gani wa LC1, baraza la kijiji la Uganda.

Lawama igawanywe

Si haki kumbebesha mwananchi lawama yote. Sheria karibu zote zilizotajwa hapa zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili na shahidi anaweza kudai mkalimani wa Kiteso. Ofisi ya ardhi na mahakama ziko Busia. Safari mbili za kuambiwa "faili haionekani" zinatosha kumrudisha mtu kwa polisi anayemjua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliahidi wakili kwa asiyejiweza, lakini bado mengi yamebaki mikononi mwa mashirika, kama FIDA, chama cha mawakili wanawake, kilicho na ofisi Kisumu kwa kesi za wanawake.

Marekebisho yenye faida kubwa kuliko gharama yanaweza kuanzia ofisi ya chifu, kwa sababu huko ndiko watu huenda kwanza. Kila chifu na kila mzee wa mtaa awe na fomu moja ya Kiswahili ya maafikiano, yenye nafasi ya kiasi, tarehe za malipo, sahihi na mashahidi, na daftari la kuhifadhi nakala. Na akiletewa jambo lisilo lake, aandike kwenye barua mlango unaofuata na muda uliobaki: mpaka kwa msajili, urithi kortini, mtoto kwa afisa wa watoto, ubakaji polisi siku hiyo hiyo. Fomu hiyo haihitaji sheria mpya wala bunge. Inahitaji karatasi, na chifu anayekubali kwamba kumwelekeza mtu kwingine ni sehemu ya kazi yake.